Walimu Watatu, Baiskeli Moja

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi sijaishi kwingi, lakini katika likizo ya Aprili mwaka 2024 niliona jambo ambalo si vyema nilifungie kifuani. Niliona jinsi mtu mmoja anavyoweza kufunzwa kitu kimoja, kwa baiskeli ile ile, katika uwanja ule ule, siku tisa nzima asishike chochote; kisha akabadilishiwa mwalimu, akashika kwa siku nne. Je, alibadilishiwa na ubongo? La hasha! Ubongo ulikuwa huu huu ninaotumia kuandika.

Kwa asiyepajua, Kibomet ni mtaa ulio kando ya mji wa Kitale, mahali ambapo nyumba za kupanga zinapakana na mashamba ya mahindi na maboma ya ng'ombe wa maziwa. Asubuhi isiyo na ukungu unauona Mlima Elgon upande wa magharibi na vilima vya Cherangani upande wa mashariki, na hapa katikati nchi imelala kiasi cha kumfaa mwenye baiskeli. Ndiyo maana baiskeli zilitawala barabara hizi miaka mingi, kutoka Kitale kupitia Kiminini hadi Webuye na Bungoma. Hata kazi ya boda boda ilianzia huku huku magharibi. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walikuwa wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, wakiita wateja "boda! boda!" Jina likanata. Tangu mwaka 2008 hivi, pikipiki ziliposhuka bei, abiria wengi wamehamia huko, lakini maziwa, mkaa na mkate bado vinapanda baiskeli.

Marehemu baba alikuwa mmoja wa wale wa baiskeli. Alibeba abiria kati ya Kitale na Kiminini hadi pikipiki zilipomfukuza barabarani, ndipo akageuza keria yake kuwa ya maziwa. Alipofariki mwaka 2019 alituachia ng'ombe wawili, deni dogo, na Black Mamba moja yenye paipu ndefu kama mlingoti wa jahazi. Kaka yangu akairithi. Kila alfajiri alipeleka lita 20 katika hoteli mbili mjini, na pesa hizo ndizo zilizolipa karo yangu.

Sasa kaka alikuwa ameitwa chuo cha ufundi. Mama ana mguu unaomsumbua, hawezi kutembea hadi mjini na mtungi. Tuliketi mezani tukapiga hesabu. Pikipiki ingetoza shilingi 100 kila asubuhi, yaani shilingi 3,000 kwa mwezi, na faida ingebaki ya kununulia chumvi. Tena hoteli haingoji mtu. Chai ya wateja wa kwanza hutengwa jikoni saa kumi na mbili. Mama alinitazama. Nilijua anachofikiria na sikupendezwa hata kidogo. Msichana wa miaka kumi na sita juu ya Black Mamba! Kibomet nzima ingepata la kusema. Lakini karo ya muhula wa pili haikuwa na habari na aibu zangu. Nikapiga moyo konde.

Mwalimu wa kwanza alikuwa kaka mwenyewe. Nilivaa long'i yake ya zamani, nikajifunga mshipi wa kamba, tukaenda kwenye uwanja wa mpira. Mbinu yake ilikuwa ile aliyofunzwa na baba, na nadhani ndiyo iliyofunza nusu ya Kenya. Mwalimu anashika kiti kwa nyuma, mwanafunzi anakanyaga, mwalimu anakimbia naye huku akipiga kelele. Na kaka ana mapafu, bana!

"Nyoosha mgongo! Kaza mikono! Kanyaga! Usiangalie chini! Kulia! Nimesema kulia! Dada, unasikia kweli?"

Nilisikia vizuri sana. Hata waliokuwa barabarani walisikia. Alipokuwa ameshika niliendesha kama malkia, na alipoachilia tu, baiskeli iliinama, nikaanguka pu! kama gunia la mahindi. Tukarudia. Pu! Watoto wa majirani walianza kuja mapema ili wapate mahali pazuri pa kukaa. Magoti yalichubuka hadi nikashindwa kupiga magoti kanisani. Siku ya tisa kaka alifuta jasho akatoa hukumu: "Wasichana hawana balansi." Jioni ile nilimsikia mama akimuuliza kijana wa pikipiki kama kuna bei ya mwezi mzima.

Ebu sasa nisikilizeni kidogo, maana hapa ndipo penye kiini. Baiskeli haisimami wima kwa sababu aliyeipanda ametulia tuli kama sanamu. Baiskeli inaanguka wakati wote. Ikianza kuinama kushoto, mwendeshaji hugeuza usukani kidogo kushoto, upande ule ule inakoangukia, na magurudumu yanarudi chini ya uzito wake. Ikiinama kulia, vivyo hivyo. Hufanya hayo tena na tena, kwa vipimo vidogo ambavyo mtazamaji haoni. Zamani ilisemwa kwamba ni kule kuzunguka kwa magurudumu kunakoishikilia, kama pia inayozunguka bila kuanguka. Lakini mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell huko Marekani na Delft huko Uholanzi walionyesha baiskeli ya majaribio ambayo nguvu hiyo ya pia ilikuwa imefutwa, na iliposukumwa bado ilijisimamia yenyewe bila mtu, kwa kuwa usukani wake ulijigeuza kuelekea upande wa kuanguka. Mwalimu wetu wa fizikia ndiye aliyenitafutia habari hizo, nami namshukuru, ingawa alinipa kwanza swali la kitovu cha uzito nililolala nalo siku mbili.

Sasa mtazameni kaka yangu. Mkono wake chini ya kiti uliizuia baiskeli isiiname. Isipoinama sina cha kurekebisha, na nisipokuwa na cha kurekebisha najifunza nini? Alinifanyia kazi yote niliyokuja kujifunza, kisha akaniachilia ghafla niifanye mwenyewe kwa mara ya kwanza, nikiwa kwenye kasi. Na lile neno lake la "kulia" ndilo lililonimaliza. Baiskeli ilipoinama kushoto alisema kulia, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayemwita mtoto aondoke kwenye ukingo wa shimo. Kila nilipomtii nilianguka upesi zaidi.

Simlaumu. Yeye mwenyewe akiwa juu ya baiskeli hugeuza usukani upande unaofaa bila kufikiri. Mikono yake inajua, mdomo wake haujui. Na si yeye peke yake. Baadaye nilikwenda kwenye steji ya pikipiki nikawauliza waendeshaji swali moja: ukiwa kwenye kasi na unataka kukata kona ya kushoto, usukani unaanza kwenda wapi? Wote walisema kushoto. Ukweli ni kwamba gurudumu la mbele huanza kwa kusogea kulia kidogo sana, ndipo chombo kiiname kushoto na kona ikatike. Wanafanya hivyo mara mia kwa siku! Mmoja alinibishia kwa hasira hadi abiria wake akapanda ya mwenzake.

Kuna njia nyingine ambayo wenye pesa huiamini, ya vigurudumu viwili vidogo vya pembeni. Binamu yangu mdogo anayekaa mjini alinunuliwa baiskeli ya namna hiyo. Akazunguka uani karibu mwaka mzima, akipiga kengele kama gari la moshi, na vilipotolewa ilibidi aanze alifu kwa ujiti. Vinafunza kukanyaga na kupiga kengele. Baiskeli yenye vigurudumu hivyo haiwezi kuinamia ndani ya kona, kwa hiyo mtoto hutupwa nje naye anazoea kujiegemeza upande ambao siku moja utamwangusha.

Turudi Kibomet. Siku ya kumi mnyororo ulikatika, nikaipeleka Black Mamba kwa fundi anayekaa chini ya mti kando ya barabara. Ni mzee wa makamo, mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwingine, lakini akipanda baiskeli huwezi kujua. Aliyatazama magoti yangu kabla ya kuutazama mnyororo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Nani anakufunza?"

"Kaka."

"Anakushika?"

"Ananishika, mzee."

"Asikushike."

Ni hayo tu. Akaunga mnyororo, kisha akachukua spana akaanza kufungua pedali. Nilidhani anazibadilisha. Pedali ya kulia hufunguka kama skrubu nyingine yoyote, lakini ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume, na wengi wameharibu nati wakishindana nayo. Akazitoa zote mbili, akanikabidhi mkononi. Akashusha kiti hadi mwisho. Mimi ni mrefu kama baba, kwa hiyo nilipoketi nyayo zangu zilifika chini, japo kwa vidole.

"Tembea nayo hivyo ukiwa umeketi," akasema. "Ukichoka kutembea, ruka ruka. Ukiogopa, weka miguu chini. Usinirudie kabla miguu haijasahau ardhi."

Kaka alipoiona baiskeli isiyo na pedali alicheka hadi akakaa chini. Watoto nao wakacheka. Siku ya kwanza nilitembea tu, nikajiona kama bata. Siku ya pili nilijisukuma kwa miguu yote miwili nikaiinua, baiskeli ikateleza kama hatua tatu, ikainama, nikaweka mguu. Tena. Ikainama, nikaweka mguu. Hapakuwa na pu! Nilikuwa naanguka kwa inchi mbili, mara mia kwa saa, na hakuna hata mara moja iliyoniuma. Mvua ilikuwa nyingi mwaka ule na nyasi zilikuwa laini. Siku ya tatu, mahali fulani katikati ya uwanja, baiskeli iliinama kushoto na mikono yangu ikaijibu kabla sijaamua. Sikuambiwa na mtu. Niliirudia ili nihakikishe haikuwa bahati. Siku ya nne niliteremka kimteremko cha nyuma ya goli, nikafika karibu na goli la pili, miguu hewani kama mbawa za kuku.

Fundi alirudisha pedali bila kusema neno. Kukanyaga kulinichukua alasiri moja, na hapo kaka anastahili sifa yake, maana zile siku tisa miguu ilikuwa imezoea kuzungusha. Kumbe sehemu ya somo lake iliingia!

Baadaye nilijifunza kwamba fundi wetu, bila kujua, alikuwa ameirudisha Black Mamba nyuma zaidi ya miaka mia mbili. Mashine ya kwanza ya magurudumu mawili yanayofuatana, ile aliyoitoa Mjerumani Karl Drais mwaka 1817, haikuwa na pedali. Mtu aliketi juu yake akajisukuma kwa miguu, na watu walipata usawa kwa namna hiyo miaka mingi kabla pedali hazijafungwa kwenye gurudumu la mbele huko Ufaransa katika miaka ya 1860. Yaani binadamu wote kwa pamoja walijifunza kuteleza kwanza na kukanyaga baadaye, kisha sisi tukaligeuza somo miguu juu kichwa chini.

Lakini mambo hayakuishia hapo, kwa sababu hakuna hoteli inayonunua msichana anayejua baiskeli. Inanunua maziwa. Lita 20 ni zaidi ya kilo 20, na zikiwa juu ya keria zinavuta kutoka nyuma kama mtu mlevi uliyembeba. Kaka alifunga mtungi uliojaa maji ili nijaribu. Gurudumu la mbele likawa jepesi, usukani ukacheza ngoma yake, nikashuka haraka kabla ya pu! ya kumi na ngapi sijui.

Kukhu alikuwa ameketi kwenye mkeka akichagua maharagwe. Kukhu hajawahi kupanda baiskeli aushi yake. Akauliza bila kuinua macho, "Kwani maji nilikufunza vipi?"

Nikakumbuka. Nilipokuwa na umri wa miaka sita hivi, kukhu alinipeleka kisimani na mkebe wa kasuku. Mkebe huo tu, juu ya kata ya majani ya mgomba. Baada ya muda ukawa mtungi wa lita tano, kisha kumi, na nilipofika darasa la saba nilikuwa nabeba ishirini bila kuushika. Katika miaka yote hiyo hakunieleza habari za shingo wala mgongo wala kiuno. Alisema neno moja kila tulipoanza safari: "Tazama mlango wa nyumba." Nikiyumba, hakunigombeza, maji baridi yalishuka mgongoni, na maji hayahitaji kurudia maneno.

Kuhusu kazi ya kina mama wanaobeba hivyo, kuna habari inayonipendeza sana. Mwaka 1986 Profesa G.M.O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo walivyochukua kwa wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kipajini. Waliona kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya anavyotumia akitembea mikono mitupu. Wataalamu walibaki wakijiuliza wanafanyaje. Mgewauliza, nina hakika wangejibu kama wale wa steji.

Na lile la mlango wa nyumba? Mwalimu wa fizikia aliponionyesha hili nilitaka kukimbia nyumbani nimwambie kukhu. Mwaka 1998 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio ya watu waliojifunza usawa juu ya ubao unaoyumba. Waliotakiwa kuweka mawazo kwenye miguu yao walijifunza vibaya kuliko waliotakiwa kuyaweka kwenye alama zilizochorwa ubaoni, ingawa alama hizo zilikuwa mbele tu ya miguu ile ile. Mwaka mmoja kabla yake, Wulf na mwenzake walikuwa wameona jambo lingine kwenye mashine inayofanana na kuteleza juu ya theluji: walioelezwa kwa makini ni wakati gani hasa wa kukaza mguu walikuwa nyuma ya wale ambao hawakuelezwa chochote. "Kaza mikono, nyoosha mgongo," kaka yangu maskini! Nilimsomea habari hiyo kwa simu akiwa chuoni, akasema mtandao ukikatika atanipigia.

Basi tukafuata kisima. Lita tano za maji kwenye keria, uwanja mzima mara kumi, macho kwenye mti wa mbali. Kesho yake kumi. Hapo nikagundua jambo ambalo kukhu alilijua: mtungi usiojaa ni mbaya kuliko uliojaa, kwa kuwa maji yanakimbia huku na huku na kukusukuma wakati hujajitayarisha. Kwa hiyo tulitumia mtungi mdogo uliojaa pomoni, hatukutumia mkubwa uliojaa nusu. Siku ya tatu kumi na tano, ya tano ishirini. Mafuriko ya mwaka ule yalisaidia pia, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo, maana yaliahirisha kufunguliwa kwa shule hadi Mei 13, nikapata siku za kufanya mazoezi kwenye matope, na matope nayo ni mwalimu asiyecheka.

Asubuhi ya kwanza ya kazi niliondoka kukiwa bado giza. Kaka alitembea nami hadi kwenye lami, mkono wake ukiwa karibu na kiti, haujagusa. Niliuona kwa pembe ya jicho. Nikatazama taa za mji nikakanyaga. Mama wa hoteli alipima maziwa, akahesabu pesa, akaniuliza kama kesho nitaongeza lita mbili.

Ni kweli watu walisema. Wengine bado wanasema. Lakini sasa wasichana watatu wa mtaa wetu wameniomba niwafunze, na mmoja wao, binti wa jirani, anatembea na baiskeli yake uani kama bata tangu Jumapili. Pedali zake ziko ndani ya mkebe wa kasuku juu ya kabati letu, pamoja na spana. Baba yake, ambaye hakuwahi kujifunza baiskeli, hupita kila jioni kuuliza zitarudishwa lini, nami humpa jibu la fundi. Juzi nilipopita kwao kuchukua mtungi nilimkuta yeye mwenyewe amekaa juu ya kile kiti kilichoshushwa, amejifunga koti, anatazama lango, anajisukuma polepole kwa miguu.